Mwanamke Anayeosha Mboga Kabla ya Kukata

Jioni moja katika miaka ya tisini, tukiwa tumepanga chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mtu huko Umoja, Nairobi, mume wangu aliinua kipande cha sukuma wiki kwa vidole viwili, akakitazama kwenye taa jinsi mtu anavyokagua shati la mtumba kule Gikomba, kisha akaniuliza, "Mama, hizi mboga huwa unaziosha kabla ya kukata au baada?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Tangu anioe hakuwahi kuniuliza chochote kuhusu mboga isipokuwa kama zimeiva.

"Baada," nikamjibu. "Kwani watu huosha lini?"

"Kabla. Ukikata kwanza halafu uoshe, utamu wote unaenda na maji."

Akamega ugali, akaendelea kula. Mimi tonge langu lilibaki mkononi. Utamu wote unaenda na maji! Hayo hayakuwa maneno yake. Mume wangu ni mtu wa magharibi kama mimi, na kwetu enzi hizo mwanaume hakujua mboga imeingiaje chunguni. Akionekana na kisu cha mboga, wenzake humuuliza ameolewa na nani. Maneno yale aliyapata kwa mtu anayeosha kabla ya kukata, na kwa akili yangu mtu huyo hangeweza kuwa mwanaume.

Usiku huo nikaanza kumwonea wivu mwanamke ambaye sikuwa nimemwona hata kisogo.

Lazima nieleze tulivyokata mboga, la sivyo hamtaelewa aliniumiza wapi. Wanawake wa ploti yetu tulikatia mkononi. Unapanga majani, unayakunja yawe kitita, unakishika kwa ngumi ya kushoto, na kisu kinakuja kuelekea kidole gumba, kikate, kirudi, kikate tena, huku mboga zikianguka ndani ya sufuria iliyo katikati ya miguu. Jioni tungeketi kila mmoja kwenye mlango wake, karibu na bomba, tukikata na kuongea. Ukikata vipande vinene, utasikia mtu akiuliza kama leo unalisha ng'ombe. Mimi sikuwahi kuulizwa hivyo. Nilijisifu kwa mambo mawili pale bombani: mboga zangu, na kwamba mume wangu ni fundi wa mashine katika kiwanda cha misumari. Hilo la mashine nililirudia mpaka watu wakachoka.

Sasa mtu anakuja kuniambia utamu wangu unaenda na maji.

Wiki iliyofuata akaleta lingine. Kitunguu, alisema, kikikatwa na kisu butu ndipo kinaliza mtu. Kisu kikali hakilizi. Siku nyingine akatazama kachumbari yangu na kusema kwamba vitunguu vikilowekwa kwanza kwenye maji ya chumvi, halafu vikakamuliwa ndimu, mdomo haunuki. Aliyasema kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionikasirisha. Mwanaume akikugombeza kuhusu chakula, unajua ana njaa. Akikufundisha taratibu, basi kuna mahali ametoka kula akashiba.

Kila alipofungua mdomo, mwanamke yule aliongezeka kiungo. Alikuwa na kisu kikali. Alikuwa na ndimu nyumbani, si kwa siku ya wageni tu. Alijali mdomo wa mume wangu unanuka nini, na hilo lilinikosesha usingizi, maana mtu hujali harufu ya mdomo ulio karibu naye. Akilini nikampa gauni la maua. Nikampa nyumba yenye jikoni lake pekee, yenye sinki, kama zile za watu wanaofanya kazi benki. Kufikia mwisho wa mwezi nilimjua kuliko nilivyowajua majirani zangu.

Dalili ya mvua ni mawingu, nami nikaanza kuyatafuta. Nilipofua ovaroli zake niligundua hazina grisi. Zamani nilizisugua kwa brashi mpaka mikono ikachubuka, maji yakawa meusi. Sasa povu lilibaki jeupe. Kucha zake zilikuwa safi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa unyevu, kama vya mtu aliyeosha vyombo vya harusi. Nikavinusa akiwa amelala. Vilinuka kitunguu na kitu kingine kibichi ambacho sikukijua, harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi.

Nikakaa kitandani gizani nikifikiri: mwanaume huyu anamkatia mwanamke mboga. Mimi sijawahi kukatiwa hata shina la dania.

Mtu wa kwanza niliyemshuku alikuwa mama mboga wa pale kona. Alikuwa mjane kijana, mtu wa Murang'a, na alikuwa ameanza biashara ya kukatia wateja mboga palepale kibandani. Mkono wake ulisifiwa hadi ng'ambo ya barabara ya Outer Ring. Nikaenda nikanunua sukuma iliyokatwa, nikaifungua kitandani juu ya gazeti, nikaichunguza. Ilikuwa nyembamba, kweli. Lakini ilikuwa na vile vijikia vinavyobaki kisu kinapofika kwenye gumba, kama yangu. Naye alikata kwanza akaosha baadaye, nilimwona kwa macho yangu. Nikamwondolea lawama.

Nilirudi kumpelekea shida zangu. Nilimweleza yote, naye akasikiliza huku kisu chake hakisimami.

"Wee mama," akasema, "mzee wako alikuja hapa juzi akaniuliza eti niko na letasi."

"Letasi ni nini?"

"Hata mimi sijui vizuri. Ni mboga ya wazungu, inakaa kabeji yenye haikushiba. Nikamwambia hapa ni sukuma, spinachi na terere, hiyo ingine aende Westlands kwa matajiri." Akacheka, kisha akaniona uso. "Usinune hivyo bana. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Na wewe tayari huna mwili wa kupunguza."

Nilimwacha na kicheko chake. Letasi! Sasa mwanamke yule alikuwa anakula mboga ya wazungu, na mume wangu alikuwa anatumwa sokoni kumtafutia.

Jumamosi moja nikafungua mfuko wake wa kazini ili nitoe kibakuli cha chakula, nikaikuta. Ilikuwa imefungwa kwa gazeti lenye unyevu, majani laini yaliyojikunja pembezoni, kijani cha maziwa. Imekaa vizuri kama kitoto. Nilijua papo hapo ni ipi. Nilijua pia ni salamu. Mwanamke yule amemfungia mume wangu mboga aniletee mimi, nijue yupo.

Basi nikaipokea salamu yake. Niliikunja letasi ile kitita kimoja kikubwa, nikaikata nyembamba kuliko nilivyowahi kukata kitu, nikakaanga vitunguu vikawa vyekundu, nikatia nyanya mbili, nikaimwaga letasi ndani ya sufuria na kufunika. Nilipofunua, sikuona mboga. Kulikuwa na maji, na ndani ya maji kitu cheusi kinachojaa kijiko. Nikampakulia hivyohivyo, pamoja na ugali mkubwa.

Alikitazama. "Hii," akasema, "huliwa mbichi."

"Umejuaje?"

Akamega ugali. "Nimesikia tu watu wakisema."

"Watu gani?"

"Watu, mama. Watu wa kazini." Akala yote, akanywa hata yale maji, na hakunitazama. Ningefurahi kama angenigombeza.

Baada ya hapo nikaacha kumuuliza. Nikaamua kumshinda mwanamke yule kwa silaha yake. Nilinoa kisu kwenye ngazi ya saruji mpaka majirani wakauliza kama tunachinja. Nilinunua ndimu. Niliosha kabla ya kukata, mlango ukiwa nusu umefungwa, maana niliona aibu kumtii. Nilikata nyembamba, kisha nyembamba zaidi, na kila jioni nilimchungulia mume wangu akila nikisubiri aseme, leo umekata. Alikula, akasema asante, akawasha redio. Nilitaka neno hilo kuliko nilivyotaka kanga mpya.

Ikafika zamu yetu ya wageni. Watu wa kwao waliokaa Nairobi hukutana kila mwezi nyumbani kwa mmoja wao, kuongea mambo ya nyumbani na kula. Walikuwa wanaume kama kumi. Jumapili hiyo nilirudi kanisani mapema, nikaketi na mlima wa sukuma, vitunguu, nyanya, karoti, kabeji moja kubwa, na moyo uliojaa nia mbaya. Nilitaka wale wanaume wale mboga ambazo watazitangaza kila waendako, Shauri Moyo, Makongeni, kote, mpaka habari zimfikie mwanamke yule popote alipo, ajue kwamba mume wangu hakosi kitu kwake.

Nilikuwa hata sijamaliza sukuma. Kisu nilichokinoa kwa ajili yake kilipita kitita, kikapita jani la mwisho, kikaingia kwenye kidole gumba changu mpaka nikakisikia mfupani.

Mume wangu aliruka kutoka kitandani alikokuwa akisoma gazeti. Alinifunga kidole kwa kitambaa, akafunga tena juu yake, damu ikapungua. Wageni walikuwa njiani. Tulitazama ule mlima wa mboga wote wawili.

"Nimwite mama mboga," nikasema.

"Leo Jumapili, hayupo."

Akasimama. Akaenda mlangoni, akachungulia nje kushoto na kulia, akafunga mlango kwa komeo. Akavuta pazia. Katika ploti yetu mlango ukifungwa mchana ni ama watu wanapigana ama ni yale mengine, nami nikadhani sasa ndiyo anataka kuniambia. Nikajikaza.

Badala yake alitoa kibao cha chapati kilichokuwa nyuma ya kabati, akakiweka mezani juu ya kitambaa chenye maji kisiteleze. Akanawa mikono hadi viwiko. Akaosha mboga zilizobaki, akazipangusa kwa taulo, jani kwa jani. Akashika kisu.

Nimewahi kuona watu wakikata mboga, nimekata mboga maisha yangu yote, lakini sikuwa nimeona kitu kile. Hakukatia mkononi. Mboga zililala kwenye kibao, vidole vyake vya kushoto vikajikunja, kucha zikafichwa nyuma, na kisu kikawa kinacheza mbele ya vifundo bila kuinuka kwenye ubao. Sukuma ikatoka nyembamba, urefu mmoja, bila vijikia. Kitunguu akakikata nusu, akakichanja huku na huku, akakigeuza, kikaanguka punjepunje. Hakulia. Alikuwa ametulia usoni kuliko nilivyowahi kumwona, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama mtoto anayechora. Wivu ulinipanda. Uso ule mtu mwingine alikuwa ameshauona, tena mara nyingi.

"Ni yeye aliyekufundisha?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamke."

Kisu kikasimama. "Mwanamke gani?"

"Anayeosha kabla ya kukata. Mwenye kibao, mwenye ndimu zake. Aliyenitumia letasi."

Mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Huyo mwanamke," akasema, "ana upara, na ni babu wa watu huko Machakos."

Akaniambia huku akikata, kwa sauti ya chini kwa sababu ya majirani. Mashine yake ya misumari ilikuwa imekufa kabla ya mvua ndefu. Spea hazikuja. Wenzake wakarudishwa nyumbani, yeye akaambiwa kuna nafasi jikoni, kwenye meza ya wakubwa wa kiwanda, kama anaitaka. Akaitaka. Mpishi mzee, ndiye huyo babu, alimpa kisu na gunia la vitunguu siku ya kwanza na kumwambia asiongee mpaka liishe. Kazi yake ilikuwa saladi, kila siku saladi, letasi na nyanya na matango na karoti, kwa wakubwa ambao adhuhuri hawali kitu kilichopikwa. Ile niliyokaanga alikuwa ameomba aniletee nionje.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila nikipita pale bombani nasikia unawaambia wenzako mume wako ni fundi wa mashine." Akafagia kabeji kwa upande wa kisu, ikaingia kwenye bakuli. "Na hawa wanaokuja wakisikia nakata mboga, jina la mke nitazikwa nalo."

Ningependa kusema nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kukata kitunguu kimoja. Kisha wivu ukarudi, na safari hii haukuwa na sura ya kushika. Afadhali angekuwa mwanamke kweli! Mwanamke ningemfuata, tukavutana nywele, yakaisha. Lakini nitamvuta nani nywele? Kulikuwa na meza nzima ya watu wenye tai, wasiojua hata jina lake, na kila siku ya kazi mume wangu aliwaoshea majani moja moja na kuwapangusia kwa taulo. Waliyala wakiongea mambo yao. Pengine waliacha nusu sahani. Mimi niliyemzalia mtoto, niliyesugua grisi yake, ilinibidi nijikate mkono ndipo nikatiwe kabeji, tena mlango ukiwa umefungwa.

"Wale wanakusifu?" nikauliza.

"Nani?"

"Hao wakubwa."

Akafikiri. "Hawajui ni nani hukata."

Hodi ikapigwa. Akatupa kibao chini ya kitanda, akafuta mikono kwenye suruali, akaketi na gazeti lake kama mtu aliyekuwa amelishika tangu asubuhi. Mimi nikafungua mlango.

Nilipika wakiongea mambo ya nyumbani, kisha wageni wakala. Mkubwa wao, fundi viatu wa Shauri Moyo, mwanaume mwenye sauti ya kuita watu mlimani, aliinua mboga kwa tonge na kuzitazama. "Shemeji!" akaniita. "Leo umekata! Mboga nyembamba namna hii sijala tangu nishuke Nairobi. Na kidole kimefungwa!"

"Asante, shemeji," nikasema. "Ni mkono tu."

"Mke wangu nitamleta umfundishe. Yeye anakata kama mtu anayepasua kuni." Akamgeukia mume wangu. "Ndugu yangu, wewe umebahatika, unajua?"

Mume wangu alikuwa ameinamia sahani. Nilitazama masikio yake, yalikuwa yamewaka moto. Lile neno, leo umekata, nililolingojea siku zote hizo, lilikuwa limesemwa chumbani mwangu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, nami sikuwa na haki nalo hata kidogo. Nilimwonea wivu kwa neno hilo pia. Naye alimwachia mkewe sifa zake, akinisihi kwa macho nisiseme. Sikusema.

Kesho yake mama mboga, aliyekuwa ameshasimuliwa, akaniuliza kwa nini tulifunga mlango mchana, tena Jumapili. Nikamwambia aulize yanayomhusu. Wanawake bombani wakaangaliana, wakacheka, na nikaona mmoja akimtazama mume wangu anavyopita kwa jicho ambalo hakuwa nalo zamani. Nikawaacha wadhani wanachotaka.

Jioni hiyo alikata tena, maana kidole kilikuwa kinauma. Na kesho yake. Alifunga mlango, akavuta pazia, akaweka kibao, nami nikaketi kitandani na mtoto nikitazama vile vidole vikirudi nyuma polepole mbele ya kisu. Alinikatia letasi mara moja, akaitia ndimu na chumvi. Sikuipenda sana, ina ladha ya mvua, lakini niliila yote, mpaka jani la mwisho, na sikumwachia.

Kidole gumba cha mtu mwenye afya hakikawii kupona. Changu kilipona. Nilikiangalia asubuhi akiwa kazini, ngozi imefunga, kimebaki kistari cheupe. Kisha nikakifunga tena kitambaa kabla hajarudi. Nilifua kitambaa hicho, nikakianika, nikakifunga, na jioni nilikishika kidole kwa mkono wa pili huku nikisema, "Bado kinagonga." Wakubwa wake walikuwa na adhuhuri, mimi nilitaka jioni. Nilijua siku atakapokiona kidole kizima, kisu kitarudi kwangu na mlango utabaki wazi, kama nyumba nyingine zote.

Siku moja akaingia, akavua koti, akapiga magoti mbele yangu badala ya kwenda kwenye kibao. "Lete nione hiki kidonda," akasema. Nikaficha mkono nyuma. Akauvuta taratibu, akafungua fundo, akakunjua kitambaa mzunguko kwa mzunguko. Kidole kikatoka, kizima, kikavu, hakina hata gamba. Akakigeuza kwenye mwanga. Akakibonyeza. Sikusema aah, ningesemaje?

Niliangalia sakafu nikisubiri.

Akachukua kitambaa, akaanza kukifunga upya, kwa uangalifu, akakaza fundo kuliko nilivyolikaza mimi.

"Bado," akasema. "Hiki bado kabisa." Akainuka kwenda kuvuta pazia.